Mzigo wa Kutupa

Wani alizikwa Koboko mwezi uliopita, na kando ya kaburi msemaji mmoja alieleza kwamba marehemu alipoteza vidole vyake ujanani kwa ajali ya baiskeli. Watu waliinamisha vichwa. Mke wake alijua hivyo na watoto wake walijua hivyo, kwa sababu ndivyo yeye mwenyewe alivyotaka ijulikane. Mimi nilisimama nyuma na koleo mkononi, nikijua kwamba baiskeli ilikuwepo lakini haikumwangusha mtu. Sikusema kitu, maana msiba si mahali pa kusahihisha. Sasa lakini habari hii haiwezi tena kumuumiza, nami nimefika umri wa kutaka mambo yaandikwe kama yalivyotokea, kwa utaratibu wake, na mimi niwemo mahali nilipokuwa kweli.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, yeye ishirini na miwili. Tulipanga chumba kimoja Arua, nyuma ya nyumba ya mwanamke wa Kinubi aliyeitwa Mama Zamzam. Sisi tulimwita Haboba, yaani bibi, naye alitukaripia kama wajukuu. Mimi ni Mnubi kama yeye. Wani alikuwa amevuka kutoka Sudan Kusini akiwa mtoto, Mkristo, na kila Jumapili alirudi kutoka kanisani na viatu mkononi ili soli zisiishe. Mchana nilichapa barua za watu kwenye duka lenye kompyuta mbili, na hapo ndipo nilipojifunza kompyuta, kwa kusoma kurasa za mwongozo uliopotea jalada. Chumbani hatukuwa na meza. Tulikuwa na mlango wa zamani uliolazwa juu ya kreti za soda, na juu ya mlango huo Wani alikuwa amechora nyota ishirini na nne kwa rangi nyeupe ya mafuta. Tulikula hapo hapo, tukihamisha vizibo vya chupa tulivyochezea ili sahani ipate nafasi. Haboba alituletea gurusa, mikate myembamba ya Kinubi, asubuhi na maharage jioni, na siku za bahati samaki wa chumvi. Mpaka leo nikisikia harufu ya samaki yule nakumbuka kundi la nyota la kaskazini, kwa sababu mchuzi ulimwagika pale na haukutoka.

Mchezo wetu ulikuwa wa kutawala anga. Wachezaji wanne, kila mmoja na sayari moja na meli mbili za kuanzia. Unachimba au unalima kile sayari yako inachotoa, unabadilishana na jirani kile usichokuwa nacho, na jirani akikataa, unapigana. Fedha hazikuwemo. Wani alichora, mimi nikatengeneza mali: mbegu, barafu, chuma, dawa, mafuta ya injini. Kila mali niliipa tarakimu tatu, uzito wake, kasi ya kuharibika kwake, na urahisi wake wa kuwaka moto. Nilijivunia tarakimu hizo. Nilizipanga kwenye daftari kwa rula. Lakini tulipocheza, mchezo ulilala. Kila mmoja aliketi juu ya rundo lake akisubiri, na wenzetu wawili tuliowaalika waliondoka katikati kwenda Onduparaka kuangalia mpira, wakiniambia kwa heshima kwamba nyota zangu ni nzuri lakini hazina watu.

Haboba alisikia. Alikuwa anapepeta ulezi mlangoni, na hakuna neno lililosemwa chumbani mwetu ambalo halikumfikia.

“Rajab, hii watu ya nyota nakula nini?”

“Mbegu, Haboba. Na maji ya barafu.”

“Na chumvi?”

“Chumvi haipo.”

“Kila nyota iko na mbegu, kila nyota iko na maji?”

“Ndiyo.”

“Basi mutu hapana kosa kitu, atapigana ya nini? Hata mimi nyumba yangu ikiwa na kila kitu, mimi nalala.”

Wani alicheka mpaka akakohoa. Wiki hiyo nilifuta tarakimu zote. Nilipanga upya ili kila sayari ikose kitu kimoja ambacho bila hicho watu wake wanakufa baada ya zamu tano. Wachezaji walianza kuombana, kisha kutukanana, kisha kuchomana meli. Wani, ambaye mezani alikuwa mpole, alichora kwa kila mali picha ya namna inavyoharibika: mbegu zilizoota ukungu, dawa iliyovunjika chupa, meli ya mafuta ikiteketea na watu wadogo wakidondoka kutoka ubavuni. Nilimwambia hatukuhitaji watu wale. Alijibu bila kuinua kichwa kwamba yeye aliwahi kuona lori la mafuta likiteketea, na watu walidondoka hivyo hivyo, na aliyekuwa wa tatu kudondoka alikuwa jirani yao.

Ilibaki tarakimu ya moto, ambayo nilikuwa nimeikisia. Sipendi kukisia. Ndiyo maana tulikwenda Koboko, na kutoka hapo tukafika Midia, kukaa na vijana waliovusha petroli kutoka mpakani kwa baiskeli. Mkubwa wao aliitwa Moro, Mkakwa mnene mwenye sauti nyembamba, na tangu siku ya kwanza aliniita Profesa. Walipumzika chini ya paa la mabati lililofunguka pande zote, madumu yamepangwa mbali na jiko, nao walikula muhogo wa kuchemsha kwa pilipili huku wakisimuliana nani kaungua wapi. Mmoja alivua shati kunionyesha. Dumu lilikuwa limevuja mgongoni kwake kilomita nne bila yeye kujua, akafika, akakaa karibu na mtu mwenye sigara. Ngozi ya mgongo ilikuwa laini na ya kung'aa kama nailoni. “Andika, Profesa,” aliniambia. “Andika mimi niko namba ngapi.” Wote wakaangua kicheko. Niliandika.

Nilimuuliza Moro wakifukuzwa wanafanya nini.

“Natupa mzigo,” alisema. “Hiyo ndiyo sheria ya hapa. Askari nakufuata, wewe nakata kamba, madumu naanguka. Yeye nasimama kuchukua, wewe naenda. Kesho mnakutana sokoni, mnasalimiana.”

“Na asiposimama?”

“Atasimama. Yeye pia iko na watoto.”

Hakuna aliyeiandika sheria ile, na hakuna aliyeivunja kwa miaka mingi. Mwenye kutupa mzigo hapigwi. Niliibeba hadi Arua kama mtu aliyeokota kito. Niliiweka kwenye mchezo wetu neno kwa neno: meli inayomwaga shehena yake haishambuliwi zamu hiyo. Matokeo yalinishangaza. Wachezaji walianza kupakia meli kwa tabaka. Juu waliweka chuma na barafu, vitu vizito vya thamani ndogo, ili viwe vya kumwagwa. Tukaviita mzigo wa kutupa. Chini, katika kona ndogo, walificha kile walichosafiri kwa ajili yake hasa. Nikaona udanganyifu huo unahitaji kujibiwa. Niliandika kanuni ya pili: anayemwaga kikubwa akabaki na kidogo anaweza kufuatwa tena, kwa maana asichokubali kukitupa ndicho chenye thamani. Niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Leo mchezo huo uko kwenye simu, niliuingiza mwenyewe baada ya miaka mingi ya kujifunza, na vijana nisiowajua huniandikia wakilalamika kwamba kumwaga shehena wakati mwingine hakuwaokoi. Huwa siwajibu.

Kwa ajili ya kanuni hiyo ilibidi tuwe na mali ndogo kuliko zote na ya thamani kuliko zote. Tuliiita vumbi, na injini za meli haziwezi kuvuka kutoka kundi moja la nyota hadi jingine bila vumbi. Vizibo vya chupa havikutosha kuiwakilisha. Nilitaka mchezaji aishike na mkono wake usitake kuiachia. Nilikwenda kwa fundi funguo na kumwomba unga wa shaba ya njano unaodondoka chini ya tupa, nikauchekecha kwa kitambaa cha soksi, nikauosha, nikaujaza katika kichupa cha dawa ya sindano chenye kizibo cha mpira. Kilikuwa kizito kuliko umbo lake. Ukikitikisa juani kiliwaka. Haboba alikitazama kwa muda mrefu, akakirudisha mezani kwa vidole viwili. “Hii kitu mbaya,” alisema. “Ondoa kwa nyumba yangu.” Nilimweleza ni shaba ya funguo tu. “Mimi najua ni funguo,” alisema. “Mwingine atajua?” Nilimjibu kwamba wachezaji wote watakuwa wameelezwa kanuni.

Kisha umeme wa Arua ukakatika, na haukurudi kwa majuma. Mwenye duka alikuwa na jenereta, akatuambia tukileta petroli yetu tutatumia kompyuta siku mbili nzima. Tulikuwa tayari: mali zote, kanuni zote, michoro yote katika daftari moja. Tulipanga kwenda mpakani na kundi la Moro, kila mmoja wetu apakie madumu mawili, na jioni tucheze na vijana wale mchezo mzima kwa mara ya mwisho kabla ya kuuingiza. Wani alibeba mkoba wa kitambaa wenye daftari, ramani iliyokunjwa, vizibo na kile kichupa. Nilimwambia hivi, na maneno haya nayakumbuka bila kosa: “Hakuna nakala. Usiuachie mkoba huu kwa sababu yoyote.” Alijibu, “Ndiyo, bwana mkubwa,” akapiga saluti ya kejeli.

Ilikuwa kama saa tatu asubuhi, tunarudi, tumeshaingia Midia. Baiskeli saba kwenye njia nyembamba kati ya mashamba ya muhogo. Mimi wa sita, Wani wa saba. Walinzi wanne walitokea mbele yetu. Walikuwa wapya, wameletwa wiki ile kutoka mbali kuzuia magendo, na hakuna aliyekuwa amewaona kabla. Moro alipiga mluzi. Kamba zilikatwa, madumu yakaanguka moja baada ya jingine, petroli ikaanza kunuka, na watu wakatawanyika. Nilikata yangu. Nilitupa na baiskeli pia, nikaingia kwenye muhogo, nikalala kifudifudi kati ya matuta. Nyuma yangu nilisikia madumu ya Wani yakigonga ardhi, na nikafarijika, kwa sababu sheria ilikuwa imetimizwa.

Walinzi walifika kwenye madumu. Mmoja aliinama. Kisha akainuka na kuelekeza kidole, na niliponyanyua kichwa nikaona alichokiona: mtu aliyetupa petroli yote na baiskeli nzima, anakimbia na kimkoba kidogo amekikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Waliacha madumu. Walimfuata wote wanne.

Walimwangusha hatua thelathini hivi kutoka nilipolala. Sikuja kuzipima baadaye, lakini najua macho yangu. Mkubwa wao alimpiga kitako cha bunduki kati ya mabega, na Wani akaanguka juu ya mkoba. Wakampindua kwa mateke. Hakuachia. “Fungua mkono!” “Ni karatasi, afande! Karatasi tu!” Walimkanyaga mkono wa kulia juu ya jiwe, mara moja, mara mbili, nikasikia sauti kama kijiti kibichi. Wakauchukua mkoba. Wakamwaga. Daftari lilianguka, vizibo vikatawanyika, na mkubwa akaokota kichupa, akakitikisa juani.

Baada ya hapo hawakutaka tena mkoba. Walitaka dhahabu iliyobaki.

“Iko wapi nyingine?”

“Ni ya funguo, afande. Ni shaba ya funguo.”

“Funguo ya nini? Ya benki?”

Wakacheka, na wakampiga wakiwa bado wanacheka. Walimpiga kwa kitako tumboni na mbavuni. Walikata tawi na kumpiga nyayo. Mmoja alimwekea mguu shingoni huku mwingine akivunja kidole cha pili cha mkono ule ule, polepole, akiuliza swali lile lile. Wani aliacha kusema Kiswahili. Alikuwa analia kwa Kibari, lugha ya nyumbani kwao, ambayo hakuna aliyekuwepo aliyeijua. Nilikuwa na panga la kukatia kamba mkononi. Nilikuwa na kinywa cha kupaza sauti kwamba mimi ndiye niliyetengeneza kitu kile na naweza kueleza. Niliuma udongo. Nasema hivi si kwa mfano, niliutema baadaye.

Wa nne, kijana mrefu mwenye buti za mpira za kijani, alikuwa amesimama nyuma ya mwenye tawi. Niliona mkono wake ukipanda. Wakati huo wakageuka kuelekea upande wangu, nikalaza uso chini. Nilipoinua tena, walikuwa wanaondoka na kichupa, na mmoja alikuwa amewasha daftari langu na kulitupia kwenye petroli iliyomwagika. Moto ulitambaa njiani kwa sauti kama ya upepo. Moro na mimi tulimvuta Wani kwa makwapa kabla haujamfikia.

Tulimbeba kwa baiskeli hadi Koboko, amefungwa kwenye kiti kwa kamba za madumu. Hospitalini walimpasua tumbo siku hiyo hiyo kwa sababu alikuwa anavuja damu ndani. Mganga alitoka akasema hajui kama atapona. Alirudia neno hilo siku mbili. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikatwa, mkono wake wa kuchorea. Nilikaa kwenye benchi la korido, nikila kile ambacho ndugu wa wagonjwa wengine walinigawia, nikisikiliza wanawake wakibishana nani ametumia mkaa wa nani. Siku ya tatu alikuwa bado hajafumbua macho, na Moro akaja na vijana wanne.

“Profesa, simama. Iko mmoja sokoni. Peke yake. Nanunua sabuni.”

Walinitangulia mbio, na walikuwa wamemshika kabla sijafika. Walimpigisha magoti nyuma ya vibanda vya wauza nyanya, mikono imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Alikuwa na buti za kijani. Midomo yake ilikuwa imeshapasuka, na alinitazama mimi, si Moro, kwa sababu mimi sikuwa na kitu mkononi. Alianza kusema jambo. Mtu alimziba mdomo kwa sabuni aliyoinunua.

“Wewe ndiye uliona,” Moro alisema. “Sisi tulikimbia mbele. Huyu alimpiga Wani? Sema tu. Akiwa hapana, tunamwacha aende.”

Watu wengi wamewahi kusema uongo chini ya woga. Mimi sikuwa na woga wakati ule. Jua lilikuwa juu, nilikuwa nimepewa swali fupi na muda wa kulijibu. Nilikuwa nimeona mkono ukipanda. Sikuwa nimeuona ukishuka. Tofauti hiyo niliifahamu pale pale, kwa uwazi ule ule ninaoifahamu leo, nami nilikuwa mtu wa kusafiri hadi Koboko kilomita hamsini na kitu ili nisikisie tarakimu moja ya moto. Nilifikiria mkono wa Wani juu ya jiwe. Nikasema, “Ndiye.”

Walitumia mnyororo wa baiskeli na mpini wa jembe. Wauza nyanya walihamisha mabeseni yao, wakarudi, wakatazama. Nilipewa mpini, nikapiga pia. Nilipiga mara tatu, begani, mgongoni, na mara ya tatu alikuwa amegeuka, nikampiga juu ya sikio, na ilikuwa baada ya pigo langu hilo kwamba aliacha kujikinga. Moro mwenyewe ndiye aliyesema inatosha. Tulimwacha na buti zake. Alikufa kabla ya swala ya alasiri. Nilisikia kutoka kwa wanawake wa korido, waliosema ni mwizi wa sabuni.

Wani alifumbua macho siku ya tano. Haboba alikuwa amesafiri kutoka Arua na sufuria ya uji, akimnywesha kwa kijiko na kumtukana ili asilale tena. “Fungua mdomo, wewe mbwa wa Juba, mimi sijakuja hapa kutembea.” Alikunywa. Alitazama bandeji kwa muda, kisha akanitazama mimi. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi niiname.

“Kulikuwa na mmoja,” alisema. “Mrefu. Buti za mpira.”

Nilimwambia asiongee, apumzike.

“Sikiliza. Yule mwenye tawi alitaka kunimaliza. Yule mrefu alimshika mkono kwa nyuma. Akamwambia, ‘Mwacheni, huyu ni mwanafunzi, angalieni daftari.’ Walimpiga kofi, lakini aliushikilia ule mkono. Rajab, mimi niko hapa kwa sababu yake.” Akapumzika. Haboba alikuwa ameacha kukoroga. “Wewe uko na miguu. Mtafute. Mwambie sijafa. Mwambie asante.”

Nikasema nitamtafuta.

Aliniuliza tena baada ya mwezi, na tena mwaka uliofuata, siku aliyooa. Mara zote mbili nilimjibu kwamba kijana yule alihamishwa.